Samli ya Darmi

Mume wake alipofariki mwaka 1954, Darmi alibaki na ng'ombe saba, akaanza kuuza samli. Alisuka maziwa mwenyewe, akachemsha siagi taratibu, akaichuja kwa kitambaa safi. Kila Alhamisi alitoka manyatta yao ya Waorma akaenda Garsen kumpelekea samli hiyo Zubeir, mwenye duka, ambaye aliwauzia watu kwa jina la samli ya Darmi. Alijivunia jina hilo kuliko malipo yenyewe.

Siku moja Barnabas, mpishi wa kijiji cha Ngao, alimsimamisha njiani.

"Mama, samli yako imeingia nini? Wali wote umenuka. Nimekuta hata manyoya ya ng'ombe."

Darmi alikwenda moja kwa moja uani kwa Zubeir. Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Ngozi mbichi zilirundikwa ukutani, funza wakitambaa juu yake, na Zubeir alikuwa akizikwangua mafuta na kuyatia kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota. Kando, debe la Darmi lilikuwa wazi, limechotwa nusu.

"Ng'ombe hawa walichinjwa?" aliuliza.

"Walikufa kwa kiangazi," Zubeir alisema bila kuacha kukwangua. "Mafuta ni mafuta, mama. Yakichanganyika na yako, nani atajua?"

"Unalisha Waislamu nyamafu! Kwa jina langu!"

"Hata wewe umekula. Ile chupa ya mafuta niliyokupa siku ya Idi uliirudisha?"

Darmi alitapika palepale kwenye ua. Mke wa Zubeir alimletea maji; akayakataa, hakutaka hata kikombe cha nyumba ile kimguse mdomo. Alibeba debe lake, akalimwaga mchangani mbele ya duka, akawaambia wateja alichokiona. Wawili waliondoka. Wengine walicheka, wakasema mwanamke huyu wa porini ana wivu, wakaingia kununua.

Tangu hapo aliuza mwenyewe kivukoni, kwa kibuyu. Miezi ya kwanza karibu kila mtu alimpita. Barnabas ndiye aliyerudi mapema, akaleta wenzake. Kabla ya kumpimia mtu, Darmi alichovya kidole, akalamba mbele yake, ndipo akauza. Biashara hiyo ilimlisha na wanawe.

Lakini mteja akishageuka, alisukutua na kutema mtoni, mara tatu, nne. Samli ilikuwa safi, aliitengeneza kwa mikono yake. Ulimi wake haukukubali.