Maiti Aliyetafuta Viatu Vyake

Kwetu magharibi, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mkono. Hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hupinda. Kijijini ni rahisi, kuna pa kupindia. Nyumba yetu ya mjini, mtaa wa Jericho, ina chumba kimoja na pazia.

Mama yangu alikuja hapo kutibiwa macho, na daktari alimpangia upasuaji Alhamisi ya wiki ya pili. Kila jioni mume wangu, ambaye ni karani huko Makadara, alikohoa mlangoni kabla ya kuingia, mama akakimbilia nyuma ya pazia na kikombe chake cha chai. Mume wangu alikula ameutazama ukuta. Mimi nilikaa katikati nikipeleka salamu kama tarishi, na nilikuwa nimechoshwa nao wote wawili.

Jumamosi nikamkuta mama akifunga mkoba.

"Nimemfungia mtoto wa watu nyumba yake," alisema. "Macho yatangoja."

Nilijua akipanda basi hatarudi, na ataishia gizani huko huko. Nje mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Nikambembeleza angoje ikatike.

"Mathe anaenda aje na hajatibiwa?" mume wangu alininong'oneza.

Mvua haikukatika. Mume wangu naye akashindwa kwenda kwa jirani kutazama mpira, kwa hivyo nikaweka filamu moja kuukuu tunayoipenda tangu uchumba. Walinzi wawili waoga wamefungiwa chumbani na jeneza, na maiti aliyeibiwa viatu anataka kutoka avitafute. Tumeitazama mara nyingi hata maneno tunayajua.

"Mnacheka nini?" mama akauliza nyuma ya pazia.

Nikamsimulia. Pazia likasogea kidogo. Akalalamika haoni vizuri, kigoda chake kikasogea, kikasogea tena, hadi akawa kando ya kochi, shingo mbele. Mume wangu alijifanya hajaona.

Jeneza likaanza kufunguka. Mume wangu anajua fika kinachotoka mle, nami najua. Ndiyo maana sichoki na filamu hizi za zamani: unajua, unajiandaa, na bado moyo unaruka, halafu unajicheka. Mkono ukachomoka. Mama akapiga yowe, mume wangu akaruka, na nilipogeuka walikuwa wamekumbatiana, uso wa mume wangu umezama kwenye leso aliyojitanda mama.

Wakaachana kama walioshika waya wa stima.

"Nisamehe, mama," mume wangu akasema, jasho likimtoka. Kosa kama hilo kwetu huoshwa kwa kutoa mbuzi.

Mimi niliutazama mkoba tu. Kisha nikaona mabega ya mama yanatikisika.

"Si sisi tuliokosa," alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Ni huyo maiti. Mbuzi atatoa yeye."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nilifurahi hadi nikalia.

"Hebu rudisha nyuma," mama akaagiza. "Sikumwona sawasawa."

Alhamisi ya upasuaji nilinyimwa ruhusa kazini, mume wangu akapata yake. Niliwasindikiza hadi Jogoo Road. Magari yalikuwa yakipita mbio, na mama haoni hata ukingo wa barabara. Mume wangu akanyoosha mkono. Mama akaushika, wakavuka.