Sauti Niliyoipeleka Darasani

Mama mdogo anauza kanga Kariakoo, kwenye meza yenye upana wa mlango. Wateja wake hawaanzi na rangi. Wanaanza na mambo yao: wifi kanuna, mume kaanza visa, jirani haitikii salamu. Mama mdogo anasikiliza huku anakunja, halafu anachomoa doti yenye maneno yanayofaa na kumsomea mteja kwa sauti ndogo. Kanga ikishaingia kwenye mfuko, yaliyosemwa pale yamekwisha. Hata sisi wa nyumbani hatuyasikii.

Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, nasoma mawasiliano ya binadamu. Kidato cha nne nilipata alama za kuokoteza, nikazunguka kupitia cheti na diploma mpaka nikafika. Lakini ndoto nilikuwa nazo za kugawa. Njiani nilikuwa nasoma taarifa ya habari kimoyomoyo, pamoja na hali ya hewa.

Mhadhiri akatutaka tulete mazungumzo halisi ya watu walioridhia kurekodiwa. Nikamwambia mama mdogo nataka kurekodi anavyoita wateja, niwapelekee wenzangu darasani.

"Rekodi, mwanangu," akacheka. "Ila uwatajie na meza ilipo, waje wanunue."

Nikaiweka simu katikati ya doti. Akaja mama mmoja wa makamo, mteja wa siku nyingi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akamwinamia mama mdogo. Binti yake anaolewa, na habari kazipata kwa majirani. Anataka kanga ya kumpelekea.

"Isimseme," alisema. "Imfikie tu, ajue nipo."

Mama mdogo alitafuta sana siku ile, mpaka akaipata. Yule mama akapenga kamasi. Mkono wangu ulikuwa karibu kabisa na simu, na sikuizima.

Darasani nikaiweka kwenye spika. Ile kamasi ilipopengwa, darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka.

"Wameridhia hawa?" mhadhiri akauliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Kijana wa nyuma akadakia, "Huyo muuzaji si mama yako kweli? Mnaongea sawasawa."

"Simfahamu," nikasema. "Nilipita tu."

Nilipewa alama ambayo sijawahi kuipata tena.

Kesho yake mama mdogo akanivutia kigoda. Alikuwa amewatangazia majirani wote wa meza kwamba sauti yake imefika chuo kikuu. "Haya, niwekee na mimi nisikie walichosikia wasomi."

Ningeweza kusema imefutika. Nikampa simu. Aliposikia ile salamu yangu na marahaba ya yule mama, akapunguza sauti, akaibana simu sikioni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wakasemaje?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

Nikatazama kanga. "Nilicheka, mama."

Akaifuta simu kwa upindo wa kanga yake aliyojifunga, taratibu, kama vile ina vumbi, akanirudishia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Wiki mbili baadaye yule mama akaja tena, anatembea haraka. Nikamwamkia. Akaegemea meza, akafungua mdomo. Mama mdogo akanitazama.

"Hebu kaninunulie maji."

Chupa ya maji ilikuwa miguuni pake, imejaa mpaka shingoni. Nikaenda. Nilisimama dukani mpaka nikamwona yule mama anaondoka. Sijui kama binti aliipokea ile kanga. Sijauliza.