Nilivyomfundisha mbwa wa marehemu kunyamaza ngazini, Guangzhou

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yalinipata mwenyewe. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Guangzhou. Nimemaliza chuo, kazi sina, Mjomba Salum akanichukua nimsaidie kufunga mizigo. Alikuwa akinunua toys mtaa wa Yide Lu, kwenye maduka ya jumla, na kuzisafirisha Dar na Unguja.

Tulipanga chumba ghorofa ya juu ya bibi mmoja mjane, mwenye nyumba wetu. Tulimwita Apo, yaani bibi, kama majirani walivyomwita. Mumewe alifariki muda mfupi kabla hatujahamia, akaacha mbwa wake, Laifu.

Laifu alikuwa analala mlangoni kwa Apo. Akisikia hatua ngazini anaruka na kubweka mpaka mtu apite. Marehemu mzee alikuwa akirudi nyumbani kwa ngazi hizo hizo.

Majirani wakachoka. Mtoto wa Apo, msimamizi wa kiwanda aliyejua Kiingereza kidogo, akatuambia, "Nikija tena nikamkuta anabweka, nampeleka kiwandani. Atafungwa mnyororo alinde geti."

Apo alisimama nyuma yake, mkono uko kichwani kwa mbwa.

Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Niliwaza kwamba wanaopandisha katoni kutwa ni sisi, kwa hiyo tumemponza mbwa wa mjane.

Nikiwa chuo nilipanga kwa mhadhiri aliyefundisha mbwa wake kwa chakula na michezo, bila fimbo. Positive training, aliita. Nikaona nijaribu.

Mjomba akacheka. "Miaka yote hiyo chuo kikuu, kumbe umesomea ualimu wa mbwa?"

Kisha akawa serious. "Ulimi wake usiguse nguo unazoswalia, unanisikia?"

Basi ikawa kufundisha bila kugusa. Nilichemsha kuku (nguruwe haingii chumbani kwa Mjomba), nikakata vipande vidogo.

Zoezi lenyewe lilikuwa rahisi. Nagonga sakafu taratibu kwa kiatu, Laifu akigeuza masikio tu, namrushia kipande kwenye mkeka wake. Akibweka simkaripii. Nasogea mbali, nagonga polepole zaidi.

Alipozoea, Mjomba akawa anapanda ngazi na katoni huku akinung'unika, "Mfanyabiashara mzima, naigizia mbwa." Lakini alipanda.

Laifu akichoka tunacheza. Naficha nyama chini ya kikombe kimoja kati ya kadhaa, Laifu anatafuta kwa pua. Apo alikuwa anakaa kwenye kigoda anatazama. Ndipo nikamwona akitabasamu, mara chache.

Usiku niliwaza tena. Mwizi akija na mbwa kanyamaza, je? Akivimbiwa na kuku, je?

Siku mtoto wa Apo alipokuja, nilisikia viatu vyake kutoka chini. Nilikuwa juu ya ngazi, sina hata kipande cha nyama mkononi.

Laifu aliinua kichwa. Masikio yakasimama. Kisha akaenda kwenye mkeka wake, akalala.

Yule kijana akamtazama mbwa, akamtazama mama yake, akasema, "Haya, abaki." Akaacha matunda mezani, akaondoka.

Nilidhani Apo atafurahi. Alikaa kwenye kigoda akalia bila sauti. Baadaye akamuuliza Mjomba jambo kwa Kichina, akirudia polepole mpaka akaelewa, na Mjomba akanigeukia, uso umembadilika.

"Anauliza, mbwa amemsahau mzee?"

Wakuu, sikuwa nimelifikiria hilo, mimi ninayefikiria kila kitu. Kumbe kelele zile ndizo zilikuwa zinamwambia Apo kuwa hamngoji mumewe peke yake.

Nilimtazama Laifu. Alikuwa amelala kimya, pua imeelekea mlangoni.

Nikasema, "Mwambie hajasahau. Nimemfundisha kungoja bila kelele."

Kichina cha Mjomba kilikuwa cha kuulizia bei na kukataa bei. Alitafuta maneno, akapata matatu tu. Akayatafsiri kwangu baadaye: "Hajasahau. Anangoja. Kimya."

Apo alifuta uso. Akainuka, akavuta kigoda chake, akakiweka kando ya mkeka wa Laifu, naye akakaa akiangalia mlango.

Nilichojifunza: kabla hujamwachisha mbwa tabia, muulize mwenye mbwa tabia ile ina maana gani kwake. Mimi sikuuliza, na mpaka leo sina uhakika kama nilimsaidia Apo au nilimwondolea kitu.

Mnaofuga mbwa, hasa mliobaki na mbwa wa marehemu, ninyi mlifanyaje? Nasoma kila comment.