Dakika Tano za Dalali

Hakuna mtaani aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Dakika Tano, na jina hilo alilichuma kwa ulimi wake mwenyewe. Kila chumba alichokinadi kilikuwa dakika tano kutoka barabara ya lami, hata kile cha bondeni ambacho mpangaji hukifikia viatu vikiwa mkononi. Mteja akilalamika, Dakika Tano humtazama kwa huruma na kumwambia, "Labda unatembea polepole, ndugu yangu." Sasa mtu atabishana vipi na hilo?

Usimdhanie tapeli. Hela ya mtu hakuwahi kuila, na wapangaji aliowapatia vyumba walimsalimia vizuri njiani. Ila kwenye maneno alikuwa mwepesi wa kutia chumvi. Mtaa wao uliitwa Matopeni, jina lisilomficha mtu kitu msimu wa mvua. Kiwanda cha sabuni kilipofunguliwa ng'ambo ya reli, na watu walioshindwa na kodi za katikati ya jiji walipoanza kumiminika pembezoni, dalali wetu alishika brashi akaandika kwenye kibao chake: VYUMBA VIZURI, BUSTANINI. Bustani yenyewe ilikuwa mipapai miwili nyuma ya choo cha jirani.

Jina likashika. Makondakta wakalinadi, maduka yakalibandika juu ya milango, na watu wale wale waliokataa kupanga Matopeni kwa bei ya bure wakaanza kupigana vikumbo kupanga Bustanini kwa bei ya juu. Mashamba ya mchicha yakaota vigingi vya viwanja. Dakika Tano akaota kitambi, na mkewe, aliyekuwa fundi cherehani, akapata meza mpya ya kukatia vitambaa. Kila mtu alifurahi mpaka siku mama mwenye nyumba wao aliposoma kile kibao.

Alikuja asubuhi, mjane mchangamfu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akakaa kwenye benchi la wateja wa cherehani.

"Mwanangu, hapa sasa ni Bustanini," akasema. "Saruji imepanda, jirani kauza kiwanja kwa bei ya ajabu, na vyumba viwili kama hivi vyako huko mbele vinakwenda mara mbili ya unachonipa. Mwezi ukiisha unilipe hivyo, au unitafutie mpangaji mwingine. Udalali wako nitakupa, mimi sidhulumu mtu."

Maneno hayo yalimkata maini. Mara mbili hawakuiweza. Na mkewe alishonea kwenye dirisha la mbele, wateja wake wote walilijua dirisha lile. Kuhama kulikuwa kuanza upya kutafuta riziki. Halafu wahamie wapi? Kila chumba alichokiwazia, bei yake aliipandisha yeye.

"Kodi haikupanda yenyewe," mkewe alimwambia akitunga uzi kwenye sindano. "Wewe ndiye uliyeisukuma mgongoni, baba watoto."

Hata kabla mwezi haujaisha, mwalimu mmoja wa chekechea akabisha hodi. Mama mwenye nyumba ndiye aliyemtuma aje kuangalia vyumba. Dakika Tano akaona hana ujanja uliobaki ila mmoja ambao hakuwahi kuujaribu kazini, nao ni kusema kweli.

"Kutoka lami ni nusu saa," akaanza.

"Kaka, si wewe ndiye Dakika Tano?"

"Ndiye mimi. Lakini hapa ni nusu saa. Mvua ikinyesha, ongeza."

"Na maji?"

"Hutoka yakijisikia. Na vyura wa hapa, mwalimu, wana mapafu ya kupiga kelele mpaka alfajiri."

Kadiri alivyoponda ndivyo macho ya mwalimu yalivyong'aa. Mwisho akakunja mikono. "Nimezunguka na madalali mpaka soli zimekwisha. Dalali akiponda nyumba, ujue kuna mtu wake anamwekea. Vyumba hivi navitaka."

Uongo wa Dakika Tano ulipandisha bei ya mtaa mzima, na sasa kweli nayo ilikuwa inafanya kazi ile ile. Akaingia chumba cha ndani, akavuta ndoo iliyokuwa pembeni ya kitanda.

"Bati linavuja hapa," akasema. "Ndiyo maana kitanda chetu kimekaa mshazari."

"Bati langu linavuja?" Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, alikuja kuona biashara imefikia wapi. "Tangu lini?"

"Tangu kifungua mimba wetu anatambaa, mama."

Kifungua mimba huyo sasa alikuwa anaota ndevu.

"Na muda wote huo mmenyamaza?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Tuliogopa, mama. Bati likitengenezwa, kodi hupanda. Na mimi nalipenda dirisha langu. Sina kwingine ninakotaka kwenda."

Mama mwenye nyumba akatazama dari, akatazama ndoo, kisha akacheka mpaka akakaa kitandani. Mwalimu hakucheka. "Kwa bei uliyoniambia, mama, siwezi kulala na ndoo. Tengeneza kwanza."

"Nitengeneze kwa hela ipi? Juzi nimeuliza mafundi kwa ajili ya nyumba yangu ya kulala. Nao siku hizi wanatoza bei za Bustanini." Akamgeukia Dakika Tano, akamnyooshea kidole. "Umenipata, mwanangu. Ndoo ikibaki, kodi inabaki. Siku nikigusa bati, tutaongea upya."

"Ndoo ibaki," mke na mume wakasema kwa pamoja.

Mwalimu alipatiwa chumba nyumba ya nne kutoka pale, na safari hii Dakika Tano alimtajia nusu saa bila kupepesa macho. Mwalimu alikubali, kwa kuwa alikwisha kuitembea.

Mvua za kwanza ziliponyesha, dalali alikuwa anakula na familia yake. Tone likadondoka kwenye ndoo, likafuatiwa na jingine. Mkewe akainua kidole.

"Sikiliza, baba watoto," akasema. "Punguzo letu hilo linaingia."