Manemane Kwenye Debe

Miaka ile nilikuwa nimechoka. Sisemi uchovu wa siku moja, ule unaolala nao ukaamka umeuacha kitandani. Nasema uchovu uliohamia kwangu na virago vyake. Nilikuwa nikishona sare za shule katika duka moja la Hurlingham, Nairobi, cherehani ya miguu, asubuhi mpaka jioni, kisha natembea kurudi Woodley magoti yakilalamika njia nzima. Na nyumbani kulikuwa na mgonjwa aliyeningoja, mgonjwa ambaye sikuruhusiwa kumgusa.

Alikuwa baba mkwe wangu. Mume wangu alimleta kutoka kwetu magharibi, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri, akiwa na kidonda mguuni. Mtu aliyekuwa akilima nyuma yake alimparuza kwa jembe, mkwaruzo ukaoza, ukazunguka mguu, ukawa donda ndugu. Jina hilo sikulielewa mpaka nilipoishi nalo. Ni donda linalokuwa ndugu yako, linakula nawe, linasafiri nawe, wala haliagi. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na mabinti zake wote walikuwa kwa waume zao. Daktari wa hospitali kubwa alimtazama akasema wangoje miezi michache. Kidonda kisipofunga, mguu ungekatwa chini ya goti. Mzee alirudi, na jioni ile alimwambia mwanawe jambo moja tu, kwamba mtu wa mguu mmoja halimi, anakuwa mtu wa kulishwa.

Kwa watu wetu, mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawatazamani usoni. Miguu yake, achilia mbali kidonda, haikuwa ya macho yangu. Kijijini heshima hiyo haina taabu, uwanja ni mpana na kila mtu ana nyumba yake. Sisi Woodley tulipanga vyumba viwili vya uani, nyuma ya nyumba kubwa, na katikati yake palikuwa na mlango. Mzee alilala cha kwanza, sisi cha pili, na kila chumba kwa bahati kilikuwa na njia yake ya kutokea nje. Mlango wa katikati tuliufunga kwa komeo. Tangu siku hiyo mzee na mimi tuliongea kupitia mbao zake, tena yeye hakuwa akiniambia mimi, alikuwa akiuambia mlango. Aliuambia kwamba chai ya leo imekolea, nami naujibu kwamba nashukuru. Mlango ule ulikuwa umesikia mambo ya familia yetu kuliko jamaa wengi waliokula pilau ya harusi yangu.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akienda kaskazini, Isiolo na mbele zaidi, kule kwenye nchi kavu. Safari moja alirudi na mfuko wa utomvu mkavu, vipande vya rangi ya kahawia vilivyoshika vumbi, pamoja na tawi nene lenye miiba lililofungwa kwa gunia. Wafugaji wa kule, alisema, wanaosha vidonda kwa maji ya utomvu huo, vya watu na vya ngamia. Wanauita malmal. Mwenye duka mmoja ndiye aliyemfafanulia kwamba ni ile manemane ya kwenye Biblia.

Hapo ndipo tulipopata kesi. Mzee alikuwa na cheo kanisani na maandiko aliyajua. Niliwasikia upande wa pili wa mlango wakibishana, yeye akisema kweli mamajusi walimpelekea mtoto manemane, lakini ndiyo hiyo hiyo iliyopelekwa kaburini kufungia maiti. Alitaka kujua yeye analetewa kama mtoto au kama maiti. Mume wangu alicheka, akamwambia aanze kama mtoto, hayo mengine yatajulikana. Mzee naye akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu afike.

Tawi tulilipanda kwenye debe lililotobolewa chini, ndani mchanga na kokoto tulizookota palipokuwa pakijengwa duka karibu na Dagoretti Corner. Mume wangu alinionya kabla hajarudi barabarani.

"Usiimwagie maji kila siku. Hii kitu imezoea shida. Ukiibembeleza inakufa."

Nilimwelewa vizuri. Nami nilikuwa nimezoea shida, ila kubembelezwa sikuwahi kujaribu nione kama ningekufa.

Kazi yangu ya asubuhi ikaongezeka. Nilisaga utomvu kwa jiwe, nikachemsha maji, nikauloweka na chumvi, nikachuja kwa kitambaa, nikaweka karai nje ya mlango wa mzee, nikabisha, nikajificha nyuma ya ukuta. Alilivuta ndani, akajiosha mwenyewe, akalisukuma nje pamoja na vitambaa vya jana. Nilivichemsha kwa sabuni na kuvianika kabla ya kwenda kazini, mikono ikinuka manemane, harufu chungu kidogo na tamu kidogo, mpaka wenzangu dukani wakaniuliza ninaenda kanisa gani. Kidonda chenyewe sikukiona. Nilikijua kwa vitambaa vyake tu. Mwanzoni vilikuwa havitazamiki. Kisha ule uvundo ukapungua, usaha ukapungua, nikaanza kuwa na matumaini.

Tawi nalo likashika. Lilichipua majani madogo madogo, na ukikwaruza gome tone la utomvu linatoka polepole na kuganda. Ilikuwa bahati, kwa sababu mume wangu alihamishiwa barabara ya Mombasa na mfuko kutoka kaskazini haukuja tena. Nilitafuta mjini, nikapita maduka ya uvumba moja baada ya jingine, nikauziwa kitu kilichoyeyuka majini kama sukari guru. Ikabaki debe letu. Nilichanja gome kidogo kidogo, nikakusanya matone, nikachemsha na vipande vya gome lenyewe. Mti ule mmoja ulikuwa umesimama kati ya mzee na msumeno, na mimi nilikuwa nikiutazama kila nitokapo na kila nirudipo.

Lakini vitambaa viligoma kuwa safi. Vilifika mahali vikasimama. Kila asubuhi doa lile lile, ukubwa ule ule. Mume wangu alipokuwa nyumbani alitaka kumwosha mwenyewe, mzee akakataa, akasema anajiweza, asifanywe mtoto mchanga. Siku ya kurudi kwa daktari ilikuwa inakaribia, na mimi nilianza kuota mguu ukiwa peke yake kwenye karai.

Kiangazi kilipoingia mti ulipukutisha majani yote. Sikuwa na wasiwasi, mume wangu alikuwa amenieleza kwamba ndivyo unavyolala kule jangwani. Mzee hakuelezwa. Yeye alishinda mlangoni pake akiota jua, na mbele yake kulikuwa na fimbo kavu ndani ya debe.

Siku moja mkanda wa cherehani yangu ulikatika, mwenye duka akaniruhusu mapema. Nilipoingia uani nilimkuta mzee amesimama kando ya debe, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika birika, akimimina maji na kuuambia mti unywe, unywe tu. Nikageuka haraka, maana ndiyo adabu. Nikabaki nimempa mgongo, nikiutazama ukuta wa jirani kwa hasira. Nilingoja mpaka niliposikia ameingia kwake, nikaenda kwenye debe. Mchanga ulikuwa uji. Nilipobonyeza shina kwa chini kidole kilizama, na gome likatoka likinuka uozo.

Niliingia chumbani, nikaufuata mlango wetu. Niliuuliza, kwa sauti ambayo mke wa mtoto hatakiwi kuwa nayo, nani aliyesema mti umwagiwe maji.

"Ni mimi, mama," alijibu. "Kila siku. Wewe unatoka asubuhi, jioni unarudi umechoka, nasikia hata vile unavua viatu. Nikaona mti yako inakauka. Nikasema hiyo angalau nikusaidie."

Niliketi chini sakafuni. Mtu aliyezaliwa kwenye mvua hawezi kuona mmea mkavu akanyamaza, hata mimi mkono uliniwasha mara nyingi. Kumbe mzee alikuwa akiuua mti uliokuwa ukimponya, na alikuwa akiuua kwa kunihurumia mimi. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali, nikayakosa. Nililia kwa sababu ya mguu wake, na nilililia pia lile neno lake, kwamba nimechoka. Katika nyumba ile hakuna mtu mwingine aliyewahi kulisema.

Nilipomaliza kulia nilitoka nikakata sehemu ya juu iliyokuwa bado nzima, nikaibambua gome lote, nikalianika juu ya gazeti. Halikujaa hata bakuli. Kisha nikarudi kuuliza lile lililokuwa likinikera siku nyingi, kwamba dawa ilipokuwepo, na karai lilipokuja kila asubuhi, kwa nini vitambaa havikuwa safi.

Alikohoa upande wa pili wa mlango.

"Mama, kidonda iko nyuma ya mguu. Mbele imepona, mbele naosha. Nyuma mimi sioni, na mgongo yangu imekataa kuinama. Karai unaniletea, namwaga tu maji yako hapo. Nitaambia nani?"

Angemwambia mwanawe, lakini alikuwa amekwisha kumwambia kwamba anajiweza. Angemwomba jirani, lakini jirani angesikia uvundo. Alikuwa na watu wazima wawili ndani ya nyumba moja, mmoja hayupo na mwingine haruhusiwi. Na mimi muda wote nilikuwa nikisaga, nikichuja, nikibisha na kukimbilia nyuma ya ukuta, na dawa inamwagika tu sakafuni.

Nilichemsha maji, nikatia gome. Yalipopoa nikasema, "Baba, nafungua." Nilisikia kitanda kikilia. Nikavuta komeo, ambalo lilikuwa limeshika kutu, nikaingia na karai.

Alikuwa amelala kifudifudi kitandani, blanketi limemfunika kichwa, mabega na kila kitu. Mguu mmoja tu ulikuwa nje. Alikuwa amejifunika ili asinione nikimwona. Nilipiga magoti nikakitazama kidonda nilichokuwa nikikifulia vitambaa miezi yote ile, shimo lililojificha kwenye tafu, nyuma ya mguu, na pale mbele, alipokuwa akifika mwenyewe, ngozi mpya laini. Nikaanza kuosha. Mguu ulikuwa mwepesi, mguu wa mtu aliyekonda bila sisi kujua. Aliumia, nilijua kwa jinsi vidole vya mguu vilivyojikunja, lakini chini ya blanketi haikutoka sauti mpaka nilipomaliza kufunga kitambaa.

"Nisamehe, mama," alisema humo ndani.

Nikamwambia atulie tu. Nilikuwa nachelewa kupika.

Tuliendelea hivyo kila asubuhi, yeye chini ya blanketi, mimi na karai. Gome lilipokwisha nilitumia maji ya chumvi. Kidonda kikaanza kujaa kutoka ndani, kikasinyaa, na siku ya daktari ilipofika hakuna aliyetaja kukata. Mume wangu alirudi akakuta baba yake anatembea uani. Aliusifu mti wa debe, akauulizia, nikamwambia umeoza. Hayo mengine sikumwambia, wala mzee hakumwambia.

Mzee alirudi nyumbani kabla ya mvua za masika ili awahi kulima. Hakuja Nairobi tena. Kila mwaka alialikwa, na kila mwaka alipata sababu, mara ng'ombe amezaa, mara maharage yanavunwa. Alituma maharage hayo kwa gunia, akasema ni ya mama, yaani mimi. Mimi nilidhani kazi imemzidi. Wifi yangu ndiye aliyenifungua macho, tulipokwenda kijijini Krismasi moja. Baba hawezi kuonana nawe, aliniambia, anasema ulimwosha kama mtoto na sasa hana uso wa kukuonyesha. Maneno hayo yaliniuma kuliko yote ya Woodley, kwa sababu kwa mtu yule ningefanya tena.

Jioni ile nilikwenda kuteka maji, na njia ilipita kando ya migomba yake. Nilisikia jembe likipiga, likanyamaza. Majani yalimfunika mwili wote isipokuwa chini, na pale chini niliiona miguu yake, yote miwili, imekanyaga udongo uliolowa, ikisubiri nipite. Nilitamani kumwita. Nikainamisha macho, nikapita haraka ili aendelee kulima.