Wameniomba Niwatafutie Nyumba ya Kuja Kumchukua Rehema

Wenye ukurasa huu wa gazeti, jina langu lificheni, maana Lushoto nzima inanijua na wasionijua wameisikia honi ya pikapu yangu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili. Shule niliishia darasa la tano, lakini dunia nimeisoma. Tangu serikali iliposema biashara ni ruksa, nimeleta mitumba kutoka Mombasa, nimepeleka kabichi na plamu Kariakoo mpaka madalali wananiita Mheshimiwa, na Kiingereza naongea bila kukiogopa, kikigoma nakisukuma. Kitu kimoja tu sikujaliwa: mtoto. Mke wangu alihangaika hospitali hizi na zile mpaka siku moja akaniambia, "Basi, mume wangu, tupumzike."

Alikuwa anapika kwenye kituo cha watoto yatima. Hapo wakaja watu wa wakala mmoja, wanaotafutia watoto wazazi wa Ulaya. Walitaka familia za kuwalea kwa muda watoto ambao tayari wana watu wanaowasubiri huko. Tukapewa Rehema (nimembadilisha jina), hata meno hayajajaa mdomoni. Sharti lao lilikuwa asituite baba wala mama, asije akatuzoea. Sisi ni Mjomba na Shangazi. Wakatupa na picha ya wazazi wake wa Ulaya, itundikwe ukutani, mtoto aambiwe kila siku kwamba hawa ndio baba na mama.

Sasa mke wangu ni Msambaa wa Mlalo, na adabu kwake si mchezo. Mtoto hapiti mbele ya mtu mzima bila shikamoo, awe mtu, awe picha. Rehema alipojua kusema, kila asubuhi kabla ya chai anasimamishwa chini ya ile picha: "Shikamoo baba, shikamoo mama." Picha haijibu. Siku ya kwanza alitugeukia, midomo inamtetemeka. Mimi na utani wangu nikaingia nyuma ya pazia la chumbani, nikajibu kwa sauti ya puani kama mzungu, "Maraahaba, binti yangu." Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo ikawa kazi yangu. Hata pikapu iwe imeshapakia, watu wa Mombo wananisubiri na mzigo, lazima kwanza nijibu salamu ya picha.

Wale wa kwenye picha wenyewe walikuwa wamekuja mara moja, Rehema bado mdogo wa kubebwa. Mume nitamwita Bwana Mrefu, maana kwangu aligonga kichwa mlangoni akiingia na akagonga tena akitoka. Ni watu wazuri, siwasingizii. Mkewe alikaa jikoni kwenye kigoda, anamenya viazi na mke wangu, hawaelewani hata neno, wanacheka tu. Wakati wa kuondoka mama yule alishindwa kumwachia mtoto. Ilibidi mumewe amfungue vidole.

Kisha serikali ikabadilisha utaratibu. Mama wa ustawi wa jamii alipanda mwenyewe mpaka kwetu. "Kaka," akaniambia, "mgeni hamchukui tena mtoto kwa kupitia wakala. Lazima kwanza aje aishi humu nchini, miaka, watu wamjue, ndipo mahakama imsikilize."

"Na hawa waliokwisha kusubiri?"

"Hata hao. Kuna watoto waliotoka na mpaka leo hatujui wako wapi."

Ofisi ya wakala ikafungwa, na sisi tukaambiwa tuendelee kukaa na mtoto. Mke wangu akaitungua ile picha, akaiviringisha kwenye kanga, akaitia sandukuni. Akampakata Rehema. "Kuanzia leo mimi ni mama yako."

"Na Mjomba?"

"Ni baba."

Mimi niliyebishana na askari wa mipakani nikashinda, nilitoka nje kuangalia matairi ambayo hayakuwa na tatizo.

Sasa Rehema yuko darasa la pili. Mjini naitwa Baba Rehema, na tulikuwa tumeanza kuulizia namna ya kumuasili kisheria sisi wenyewe. Wiki iliyopita nikaitwa posta, simu ya ng'ambo. Nikaenda na Rehema. Alikuwa Bwana Mrefu. Wameuza nyumba yao, kazi wameacha, wanakuja kuishi Lushoto hiyo miaka inayotakiwa. "Wewe unajua watu wote," akaniambia. "Tutafutie nyumba. Iwe karibu na kwenu, mtoto asishtuke."

Kiingereza kilinikauka. Nikampa Rehema mkonga wa simu, nikamwambia aamkie. Akasema shikamoo. Nikasikia Bwana Mrefu akimjibu, "Nzuri sana."

Tulipokaribia nyumbani Rehema akaniambia, "Baba, huyu siyo aliyekuwa anajibu kwenye picha."

"Ni yeye, mama. Kiswahili kimempotea tu."

"Siyo yeye. Ulikuwa wewe. Miguu yako ilikuwa inaonekana chini ya pazia."

Nyumba ipo. Iko juu ya kwetu kidogo, mwenyewe yuko Tanga na ufunguo kaniachia mimi. Mke wangu anasema, "Waambie Lushoto imejaa. Waende Moshi, waende wanakotaka." Halafu anaingia jikoni na kukaa kwenye kigoda kilekile, hasongi ugali wala hawashi moto. Mama wa ustawi anasema maombi yetu na yao yote yatapokelewa, atakayechagua ni hakimu. Nikiificha nyumba, nawafungia mlango watu waliouza wa kwao kwa ajili ya mtoto. Nikiitoa, nitakuwa nimefagia kwa mikono yangu chumba ambacho Rehema atahamia.

Jumamosi Bwana Mrefu anapiga tena. Ninyi maelfu mnaosoma ukurasa huu, mliowahi kulea na mliowahi kusubiri, utani nimeuweka pembeni. Akiniuliza kama nyumba nimepata, nimjibu nini?