Msusi wa wasioweza kuketi

Saa tatu asubuhi, madaktari wameshapita na sakafu ya wodi ya wanawake bado ina unyevu wa deki. Kwenye kitanda cha karibu na dirisha, mwanamke aliyevunjika nyonga amelazwa ubavu. Nyuma yake amepiga magoti mwanamke mwingine, chanuo mkononi, kopo la mafuta kwenye mfuko wa aproni.

Anaanzia kwenye ncha, si kwenye mizizi. Anashika fungu dogo la nywele, analipaka mafuta, analichambua kwa vidole, ndipo anapitisha chanuo. Nywele za mtu aliyelala chali wiki nyingi hushikana kisogoni zikawa kama mkeka mkuukuu. Ukizivuta kwa pupa utamtoa mtu machozi.

"Ukiumia sema," anamwambia. "Mimi si daktari, mimi nasikiliza."

Mgonjwa anacheka mpaka anashika ubavu. Muuguzi anayepita na toroli la dawa anajifanya hakusikia.

Humu wodini wanamwita Fundi. Ana miaka arobaini na mmoja, na kila Alhamisi hufunga saluni yake yenye kiti kimoja hadi mchana ili aje hapa. Halipwi. Anasema asiyeweza kuketi hawezi kwenda saluni, na saluni haina miguu, kwa hiyo inabidi atumie ya kwake.

Miaka sita iliyopita, vidole hivi viligoma kabisa.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka minane. Jumamosi moja alimkalisha chini katikati ya magoti yake, akaanza kumsuka mistari ya kwenda nayo shule. Alipofika nusu, mtoto akasema kichwa kinamgonga. Mama akamgusa paji la uso, likawa linawaka. Aliacha chanuo palepale, akambeba mgongoni mpaka hospitali. Waliambiwa ni homa ya uti wa mgongo. Haikumpa nafasi. Wiki iliyofuata walimzika.

Kabla ya mazishi, mashangazi walitaka kuimalizia ile nusu iliyobaki. Fundi akakataa, akamfunga mtoto kitambaa cheupe.

"Sikutaka mkono mwingine upite pale," anasema. "Niliona wakimmalizia yeye, na mimi nimemalizwa."

Saluni ikafungwa. Kila aliposhika chanuo vidole vilikataa kusuka, na kichwa cha mtoto yeyote hakuweza hata kukitazama. Mumewe, fundi wa pikipiki, akawa mtu wa salamu tu. Waliishi wakipishana mlangoni kama wapangaji wawili. Kanisani aliacha kwenda. Waombolezaji walikuwa wamemwambia Mungu alimpenda mtoto zaidi, naye akawajibu kwamba angempenda kidogo tu, ambakizie.

Mwaka mmoja na zaidi baadaye, mama mkwe wake alianguka uani akavunjika paja. Mume wa Fundi akamleta nyumbani kwao, kitanda kikawekwa sebuleni. Haukupita muda, nywele za bibi zikawa fundo moja, na wifi mmoja akashauri uletwe mkasi.

Fundi anaigiza sauti ya mama mkwe alivyokataa: "Mume wangu aliniacha nina nywele. Siku ya ufufuo asije akanipita, akadhani ni mjomba wake."

Nyumba nzima ikacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Fundi naye alicheka, kisha akaingia jikoni akalia.

Kesho yake alichukua mafuta. Anasema wazi kwamba hakusukumwa na imani, ila alishindwa kumwona mama mtu mzima akilalia mafundo. Kazi ile ilikula asubuhi kadhaa. Alichambua, akaacha, akarudi tena. Bibi alikuwa akisimulia mambo ya ujana wake, na siku moja Fundi akamkatiza. Akamuuliza kama kweli anaamini wafu watafufuka, au ni maneno ya kuwabembeleza wafiwa.

Bibi alimgeuzia uso. Kisha akamkumbusha wale wanawake waliokwenda alfajiri kwenye kaburi la Yesu.

"Mwanangu, wale kina mama hawakwenda kwa sababu waliamini atafufuka. Mtu anayeamini hivyo habebi mafuta ya kupaka maiti. Walikwenda kwa kuwa walimpenda na kazi yao ilikuwa haijaisha. Ndipo wakakuta jiwe limeondolewa."

"Na yangu haijaisha, mama," Fundi akamwambia. "Nilimzika mwanangu na nusu ya kichwa."

Mama mkwe hakumwambia anyamaze. Aliutafuta ule mkono wenye mafuta, akaushika.

"Utammalizia. Yule aliyetoka kaburini katangulia tu, wengine tuko nyuma yake. Utamkuta mtoto wako, mwili wake na nywele zake, naye atakulalamikia kwamba unavuta sana."

Jumapili ile Fundi alimwomba mumewe waende kanisani. Mume akaenda kupiga pasi shati. Walikaa kiti cha mwisho. Mume aliimba, yeye alisimama tu, na siku hiyo hilo lilimtosha.

Baadaye mama mkwe alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu, katika wodi hii hii. Fundi alimsuka kwa mara ya mwisho hapo, na mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza, "Na mimi je?" Akamuahidi. Siku chache baadaye bibi akafariki. Makaburini, waumini walipokiri ufufuo wa mwili, Fundi alikiri kwa sauti, mumewe amemshika kiwiko. Anasema alipolitamka neno "mwili" alikiona kisogo cha mwanawe.

Wiki iliyofuata alirudi wodini kutimiza ahadi, na hajaacha tangu hapo. Muuguzi mkuu alikubali kwa shingo upande: anawe mikono, chanuo safi kwa kila mgonjwa, asimguse mtu bila kumuuliza. Leo ndiye anayemtetea.

"Akishasukwa, mgonjwa anaomba kioo," anasema muuguzi huyo. "Na nimegundua anayeomba kioo hachelewi kuomba chakula."

Fundi hajifanyi amepona. "Watu wanadhani ukiamini ufufuo huumii. Naumia. Zamani niliumia kama mtu aliyeporwa, siku hizi naumia kama mtu anayesubiri mgeni wake."

Jambo moja lilikuwa bado linamshinda. Tangu afungue tena saluni, mama akija na mtoto humwelekeza kwa msusi wa mtaa wa pili. Juzi jirani yake alikuja na binti wa miaka sita anayeanza shule, na Fundi akajisikia akisema mleteni Jumamosi. Jioni alipomweleza mumewe, mume alitoka nje. Alirudi na mbao, akaketi kumtengenezea benchi fupi la kukalia watoto.

Jumamosi yenyewe ni kesho kutwa. Fundi anakusudia, mambo yakienda vizuri, kuwasuka watoto wote wa mtaa kabla shule hazijafunguliwa.

"Nimeshamwambia mama wa yule binti asishtuke akiniona nalia," anasema, akigeukia kitanda kinachofuata. "Mikono itakuwa inaendelea na kazi."